Twiga wa Muema

Karibu na Kassel, Ujerumani
16 Februari 2025

Kwako Baba,

Swabra wa saiba, duka la kompyuta, akikuchapishia karatasi hii, mwambie asante kwanza, halafu mwambie aache kusoma barua za watu. Najua anasoma. Mara ya mwisho alinikumbusha kwamba ulisahau kunijibu habari za mbuzi aliyezaa.

Nimehamishiwa kwa mzee mpya. Anaitwa Volkmar, mjane, anaishi peke yake kijijini katika nyumba ya mbao na udongo ambayo babu wa babu yake aliijenga. Kazi yangu ni kumwamsha, kumwosha, kumpikia na kumsikiliza, na hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Kijerumani nilichofundishwa Nairobi kinanitosha jikoni, lakini hadithi za mzee huyu zinanitoa jasho.

Jana tulikuwa dirishani akanionyesha barabara ya kutoka kijijini. Akasema hapo ndipo walipompitisha Johannes. Nikadhani ni ndugu yake. Kumbe ni mtu wa ukoo wao wa zamani sana, wakati Wamarekani wanapigania uhuru wao kutoka kwa Mwingereza. Mfalme wa Uingereza hakuwa na askari wa kutosha, basi akakodi. Mtawala wa huku Hesse akamkodishia vijana wake kwa maelfu, malipo yakaingia kwa mtawala. Johannes alikuwa mtoto wa pili wa mchunga kondoo. Hakuwa na ugomvi na Mmarekani yeyote, hata Amerika iko upande gani hakujua. Alipandishwa meli na hakuonekana tena.

Mzee anasimulia kwa hasira, utadhani ilikuwa juzi. Nikamuuliza Johannes alifia wapi. Akasema kwao husemwa hakufa. Husemwa alitoroka jeshini, Wamarekani wakampa shamba, akaoa huko akasahau kuandika. "Mama yake ndiye alianza kusema hivyo," akaniambia, "na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia." Hadi leo ukoo wote unasema hivyo, na Volkmar mwenyewe haamini.

Nilikumbuka babu Ngui na lile koti lake la Burma.

Niambie Muema ameendaje na hiyo kazi ya ng'ambo. Aliniandikia maneno mawili tu, "nasafiri, sista," halafu kimya. Na mama, Mwaitu wangu, presha yake ikoje? Anakunywa dawa ama anazipanga tu kabatini?

Binti yako,
Wavinya


Wamunyu
27 Februari 2025

Wavinya mwanangu,

Swabra amesoma, amecheka, na ameapa kwamba hasomi. Mbuzi alizaa pacha, mmoja akafa. Sasa deni la mbuzi nimelilipa.

Masikio yangu unayajua. Msumeno wa umeme uliyamaliza, na simu nikiiweka sikioni nasikia nyuki tu. Kwa hivyo tuendelee hivi hivi, mimi niandike, Swabra apige picha, wewe usome. Kila Alhamisi niko kwake.

Huyo mzee wako na watu wake waliokodishwa wamenikaa kichwani. Mtu hukodi punda wa kubeba maji. Hukodi trekta. Kukodisha mtoto wa mwenzako akapigwe risasi ni mambo mengine kabisa. Lakini nisimcheke Mjerumani, maana baba yangu alikwenda Burma kwa vita vya mfalme mwingine wa Uingereza hiyo hiyo, na hakuna Mjapani aliyekuwa amemkosea hapa Wamunyu. Alirudi na koti na kikohozi. Ukimuuliza habari za vita, anakuuliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Muema yuko salama. Ajenti mmoja wa Tala alimpatia kazi ya stoo, kupanga na kufunga mizigo, katika nchi moja ya theluji. Swabra alinionyesha kwenye ramani, si mbali sana na wewe. Aliitwa ghafla. Alikuwa amekaa hapa kibandani tunapochonga, twiga wake wa mti wa jakaranda katikati ya miguu, simu ikalia, akaweka tezo chini, na kesho yake akaondoka. Huyo twiga yuko kwenye rafu juu ya kichwa changu sasa ninapoandika. Kichwa kimetoka, shingo imetoka, miguu bado imeshikana.

Kuna mnunuzi wa Nairobi aliyempenda akataka nimalizie nimuuzie. Nikamweleza sheria ya kibanda chetu, kwamba kazi ya mtu haiguswi na mkono mwingine mwenyewe akiwa hai. Akaniona mshamba. Hakuwa hapa jirani yetu Mwanzia alipofariki, tulipokaa sote tukammalizia swala wake wa mbao, mama yako akawapiga msasa, ndipo tukaenda kumzika. Twiga wa Muema atamngoja Muema. Mimi kazi yangu ni kumpangusa vumbi kila asubuhi kabla ya chai.

Mama yako ana furaha siku hizi. Dawa anakunywa nikiwa nimesimama mbele yake. Tangu alipoanguka kwenye matanga ya mjomba wako, daktari alituambia asipewe habari za kumshtua. Hata kuku akiibiwa natafuta namna ya kumwambia polepole.

Baba yako,
Maundu


2 Aprili 2025

Sista Wavinya,

Mahali siandiki. Usipige kelele ukisoma hii. Baba usimwambie, na mama usimwambie kabisa.

Hakuna stoo. Tulipofika tulipelekwa ofisi fulani, tukapewa karatasi za lugha yao tusaini, pasipoti zikakusanywa. Nilidhani ni mambo ya bima. Kila mtu alikuwa anasaini, na sisi tulikuwa tunatetemeka baridi, tukasaini. Asubuhi tukapewa yunifomu. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi sana, hadi leo bunduki nikiifungua kuisafisha kinabaki kipande kimoja sijui kinaingia wapi. Sasa niko mbele, kwenye handaki. Niko na Mkenya mmoja, Bartholomew wa kutoka Katelembo, na watu wa nchi zingine ambao pia walikuja kufunga mizigo. Simu zetu zinakaguliwa, hii natuma kwa simu ya mtu.

Wale tunaopigana nao wanasema nchi ni yao na wanataka waachwe wajitawale. Upepo ukitoka kwao tunawasikia wakiimba. Ukiniuliza, wana haki kunizidi, kwa sababu mimi hapa sina hata mti mmoja ulio wangu. Wakubwa wetu wananiita Afrika. Jina langu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama anapenda nikimtumia sauti. Siku moja kulikuwa na utulivu, nikamrekodia nyingi mara moja, za kumwambia nimekula, nimelala, kazi ni nzuri. Nitakuwa namtumia moja moja nikipata simu.

Nina ombi lingine. Baba mwambie shingo ya twiga ni nene upande wa kushoto. Aiache hivyo. Nikirudi nitaipunguza mwenyewe. Huyu twiga namfikiria kuliko watu wengi, usinikasirikie. Zamani nilikuwa sioni vile nitatenganisha miguu bila kuvunja, sasa naiona yote vizuri.

Niombee.
Muema


Karibu na Kassel
3 Aprili 2025

Muema mdogo wangu,

Sijui kama hii itakupata. Naituma kwa ile namba uliyotumia, mwenye simu akiwa na huruma atakupa.

Jana niliunguza viazi, mzee Volkmar akauliza kuna nini, nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote. Alisukuma sahani kando. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Katika vita vile vya Johannes, Wamarekani walichapisha karatasi kwa Kijerumani wakazipenyeza kwa askari waliokodiwa. Ziliwaambia: ninyi si adui zetu, njooni huku, tutawapa ardhi. Na wengi walikwenda. Akaniambia, "Mwandikie ndugu yako avuke. Mchana, wamwone vizuri. Kitambaa cheupe, mikono juu, asikimbie, atembee."

Sijui mtu wa miaka themanini na kitu anajua nini kuhusu vita vya leo. Lakini nimekaa na maneno yake tangu jana na mimi mwenyewe sina mengine. Muema, hao watu hujawakosea na wao hawajakukosea. Ukipata nafasi, vuka. Tafadhali. Ukishafika upande wa pili nitakutafuta, hata kama ni jela nitakuja mlangoni.

Nyumbani sitasema. Inanichoma, lakini sitasema.

Wavinya


Wamunyu
15 Mei 2025

Wavinya,

Leo sina utani.

Mama yako alikuwa anapokea sauti ya Muema karibu kila juma. Alikuwa akiiweka juu kabisa ili nami nisikie, nami nilikuwa natikisa kichwa kana kwamba nasikia. Sasa zimekatika. Kila akimaliza kupiga msasa anapangusa mikono na kuangalia simu. Ananiambia labda ni mambo ya mtandao. Mimi pia namwambia labda ni mtandao.

Juzi nilimdanganya naenda kutafuta mbao, nikaenda Tala kumtafuta yule ajenti. Ofisi yake ndiyo hiyo hiyo, lakini ndani sasa wanauza mitumba. Dada aliyekuwa hapo hamjui. Alinionyesha suruali, akasema ni saizi yangu. Nilisimama pale na suruali ya watu mkononi, nikaikunja nikamrudishia.

Wewe ni mtoto ambaye hajui kuficha. Tangu Aprili barua zako ni za hali ya hewa tu. Kama kuna kitu unakijua, niandikie mimi. Mama yako usimwandikie.

Baba


Karibu na Kassel
17 Mei 2025

Baba,

Hakuna ninachoficha. Muema aliniandikia Aprili, yuko sawa, ila kazi ni nyingi na simu zao hukaa ofisini. Ndiyo maana Mwaitu hapati sauti.

Aliniagiza nikwambie shingo ya twiga ni nene upande wa kushoto, na usiiguse. Atakuja kuipunguza mwenyewe.

Hapa miti imetoa maua na mzee Volkmar anakohoa. Jana nilimuuliza tena kuhusu mama yake Johannes, kama aliishi muda mrefu na ile hadithi yake ya shamba la Amerika. Akasema aliishi hadi uzee mkubwa, na alikuwa mcheshi.

Nawapenda wote.
Wavinya


Wamunyu
3 Juni 2025

Dada Wavinya,

Assalam aleikum. Ni mimi Swabra. Nisamehe kwa barua hii, nimeandika na kufuta tangu asubuhi.

Muema alipokuwa akisafiri aliomba kutumia anwani ya barua pepe ya saiba yetu kama ya mtu wa kwao, kwa kuwa mzee hasikii simu na mama hatakiwi kushtuliwa. Leo nimefungua nikakuta ujumbe kutoka kwa kijana anaitwa Bartholomew. Anasema yuko hospitali ya huko, amevunjika mguu, na kwamba aliahidiana na Muema atakayebaki awaandikie watu wa mwenzake.

Muema amefariki, dada. Innalillahi. Ilikuwa katikati ya Mei. Bartholomew anasema alitoka handakini mchana kweupe, hakuaga, amefunga fulana nyeupe kwenye fimbo, mikono juu, akawa anatembea taratibu kuelekea kwa wale wengine. Walimwita arudi hakugeuka. Hakufika. Kijana anasema hajui hadi leo kama risasi ilitoka mbele yake au nyuma yake. Mwili haukuchukuliwa, na mahali pale sasa hapaingiliki.

Mzee atakuja Alhamisi kama kawaida yake. Atakaa kwenye kile kiti, ataniuliza kama kuna barua. Mimi nimemjua Muema tangu tukiwa shule ya msingi, alinichongea kifaru kibaya sana ambacho bado ninacho. Sina kifua cha kumwambia baba yake. Niambie nifanye nini.

Swabra


Karibu na Kassel
3 Juni 2025

Swabra,

Mwonyeshe Baba ujumbe wenyewe, yeye peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Mkalie karibu. Asiende nyumbani mpaka awe amekunywa kitu cha moto.

Mama asijue kwanza.

Asante kwa kutonificha.
Wavinya


Wamunyu
6 Juni 2025

Wavinya,

Leo si siku yangu ya saiba, lakini nimekuja. Jana Swabra alinifungia mlango, akanipa chai, akageuza kompyuta upande wangu na akatazama ukutani nilipokuwa nasoma. Huyo msichana ana adabu, sitamtania tena.

Uliniandikia simu zinakaa ofisini. Sikuulizi ulijua nini wala ulijua lini. Nilikuwa nataka kudanganywa na ukanidanganya vizuri. Nalia hapa mbele ya watu wanaochapisha vyeti.

Sasa tumfikirie mama yako. Nilirudi nyumbani jana nikamkuta anachambua mbaazi, akaniuliza kama kuna barua, nikamwambia hakuna. Sikuweza. Mjomba wako alikuwa kaka yake tu, na tulimbeba kwa machela. Huyu ni mtoto aliyemzaa. Mmoja nimempoteza, na wawili sitaweza.

Usiku kucha nimekuwa nikimfikiria yule mama yake Johannes. Nakuomba jambo. Mwandikie mama yako, wewe mwenyewe, kwa jina lake. Mwambie Muema alitoroka kazi mbaya akapokelewa na watu wa huko, anaishi kwao shambani, hakuna mtandao, atakaa muda mrefu. Akikuuliza zaidi, mwongezee. Tutakuwa tukimwongezea kidogo kidogo. Najua ni dhambi, nitaipeleka kwa padri mwenyewe.

Baba yako,
Maundu


Karibu na Kassel
8 Juni 2025

Baba,

Nitaandika. Lakini kuna jambo lazima ulijue kabla.

Ile fulana nyeupe ni mimi. Aprili nilimwandikia avuke mchana, mikono juu, atembee asikimbie. Mzee Volkmar alinishauri, mimi nikampelekea mdogo wangu neno kwa neno. Alifanya vile vile nilivyomwambia, Baba, hata ile ya kutokimbia. Sasa naambiwa nimwandikie mama yake kwamba alifika.

Mzee nimemwambia. Aligeukia ukuta na hajataka kula tangu jana.

Wavinya


Karibu na Kassel
15 Juni 2025

Mwaitu mpendwa,

Barua hii ni yako, usimpe Baba mpaka umalize. Ina habari njema.

Muema yuko salama. Hatukutaka kukutia wasiwasi, lakini ile kazi haikuwa nzuri, waliwasumbua sana, na yeye akaamua kuondoka. Aliondoka mchana, akatembea polepole mpaka akafika kwa watu wazuri. Walimpokea, wakampa nguo kavu na supu. Ni wakulima. Wana shamba kubwa na ng'ombe wengi, na yeye ndiye anawachunga na kuwakamua. Mtandao huko hakuna, na pasipoti yake ilipotea, kwa hivyo itachukua muda mrefu kabla hajaweza kusafiri. Huenda ikawa miaka. Lakini anakula vizuri na wanamwita kwa jina lake.

Ameniagiza nikwambie unywe dawa.

Mtoto wako,
Wavinya


Wamunyu
2 Julai 2025

Wavinya,

Barua hii naandika mwenyewe na saiba nimekuja mwenyewe. Swabra aliponiona mlangoni alianza kulia kabla sijamsalimia. Nikamwambia anyamaze, mimi najua.

Barua yako ni nzuri. Niliisoma mbele ya baba yako nikasema Mungu asifiwe, kwa sababu alikuwa ananiangalia vile anaangalia gogo akiogopa litapasuka. Lakini ng'ombe, Wavinya. Muema ambaye tangu apigwe teke na ng'ombe wa kina Mwanzia alikuwa anazunguka kwa mto ili asipite karibu na boma lao. Ungesema mbuzi ningejaribu kuamini.

Zile sauti zake nilizisikiliza sana. Nyuma ya kila moja kuna mtu anakohoa, kikohozi kile kile, na bati linagonga kwa upepo ule ule. Anasema habari ya Jumapili, anakohoa. Anasema habari ya juma lingine, anakohoa. Nikajua mtoto wangu alizirekodi zote siku moja, na nikajiuliza ni kazi gani ya stoo inamfanya mtu aweke akiba ya salamu. Sikumwuliza mtu. Niliwaona mmefurahi kwamba nimefurahi.

Halafu baba yako. Tangu Muema aende, kila asubuhi alikuwa anampangusa twiga kabla ya chai. Ile Alhamisi akarudi kutoka kwa Swabra akasema hakuna barua. Kesho yake akanywa chai akapita chini ya rafu, hakuinua macho. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Vumbi ikakaa juu ya twiga. Mimi ndiye niko na msasa katika hicho kibanda, vumbi haiwezi kunipita.

Nililia nikiwa mtoni, nikaosha uso, nikarudi nikapika. Nilingoja aniambie. Badala yake akaniletea barua yako. Nikaona mmebeba huu mzigo ili mimi nisibebe, na mnaanguka nao wote wawili.

Jana alienda Machakos kupeleka swala. Nikamshusha twiga. Tezo sijawahi kushika maisha yangu yote, jana nilishika. Shingo Muema alikuwa ameiwekea alama ya penseli, upande wa kushoto, nikaifuata. Miguu niliitenganisha polepole sana, kidogo kidogo, nikiongea na yeye. Haikuvunjika. Baba yako akarudi akanikuta nimekaa chini nampiga msasa. Aliweka kofia, akakaa kando yangu, akachukua kipande kingine cha msasa akaanza na masikio. Tulilia mpaka tukachoka. Presha haikuniua, na yule daktari wetu nitamwambia.

Baba yako ameniambia kile ulichomwandikia Muema. Sikia mama yako sasa. Walimpeleka huko aue watu wasiomjua, na yeye akatoka akatembea kwenda kuwaambia hana ugomvi na wao. Ningekuwa na simu yake ningemwambia vile vile, neno kwa neno. Sitaki uniandikie tena kwamba ni wewe. Na huyo mzee wako mpe chakula, umwambie mama Muema amesema ale.

Mwanzia tulimalizia swala wake ndipo tukamzika. Muema hatuna wa kuzika, lakini twiga yuko. Padri amekubali tumweke mbele ya altare siku ya misa.

Misa bado hatujapanga. Mguu mmoja wa nyuma sijaugusa. Uko vile Muema aliuacha, unaona kabisa mahali tezo lake lilipita. Msasa nimeufunga kwa uzi kwenye shingo ya twiga, na baba yako amerudi kumpangusa vumbi asubuhi. Huo mguu ni wako. Omba ruhusa uje umalizie, ndipo tumuage mtoto.

Mama yako,
Nzisa